Siku Sufuria Zilipotoka Ovenini

Leo asubuhi mafundi wamepita jengo letu kubadilisha majiko. Wameanza ghorofa ya chini, wakapanda nyumba kwa nyumba, na jiko letu la zamani limekaa kwenye ngazi muda mrefu likisubiri lifti. Nilikuwa narudi kutupa taka nikalikuta pale limeegemea ukuta, kama mgeni asiyejua aketi wapi. Nikafungua mlango wa oveni, sijui nikitafuta nini. Ikatoka harufu ya iliki, ile iliyokwisha kuingia kwenye chuma haitoki tena, na chini kabisa, upande wa kushoto, doa lilikuwepo bado: duara jeusi ambalo mama amelisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa kila kitu isipokuwa msumeno.

Mimi si msemaji. Darasani walimu wakiniuliza swali huwa wanasubiri, wanasubiri, kisha wanamgeukia mwingine kwa huruma. Kwenye karatasi lakini sina aibu. Na nyinyi wa rika langu mliokulia huku Hjulsta, Uswidi, mwisho wa reli ya treni ya chini, mtanielewa nikisema kwamba miaka yangu yote ya mwanzo nilijua oveni ni kabati.

Kabati la sufuria. Ukivuta mlango ule mzito ilibidi uzuie kwa goti, maana zilikuwa zinataka kutoka zote kwa pamoja. Chini ilikaa sufuria kubwa ya pilau, ndani yake ya wali, ndani yake tena ya maziwa, kila moja imeipakata nyingine. Karai la maandazi lililala kifudifudi juu yake. Sinia zilisimama ubavuni pamoja na vifuniko na chujio, na kwenye kila upenyo uliobaki mama alichomeka makopo ya aiskrimu, yale ya plastiki tuliyohifadhia kila kitu isipokuwa aiskrimu. Mbuzi ya nazi tu ndiyo haikuingia, ikawa inaishi chini ya kitanda cha wazazi wangu.

Kila Jumamosi mama alitoa karai, akakaanga maandazi, akaliosha, akalirudisha. Kabla ya hapo alitwanga iliki kwenye kinu kidogo cha mti alichokuja nacho kutoka Tanga, akikibana kati ya nyayo zake sakafuni, na chini yetu, kwao Annika, mtoto tuliyekuja kusoma naye darasa moja, taa ya jikoni ilicheza. Ndivyo nilivyompata Annika. Mama yake alipanda kuuliza kama tunapigilia misumari kila Jumamosi, akapewa andazi la moto mkononi, na tangu siku ile ikawa tukianza kutwanga, Annika anapanda.

Nami nikaanza kushuka. Mara ya kwanza nilipomwona mama yake Annika akifungua oveni na kutoa mikate midogo iliyosokotwa, wanayoiita bullar, nilimwonea huruma sana. Niliwaza, masikini, hawana sufuria za kutosha kujaza kabati lao, ndiyo maana wanaweka mikate. Kilichonishangaza zaidi ni harufu. Ilikuwa iliki. Ile ile ya mama! Nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba Waswidi nao wanajua iliki, akacheka kwa kiburi kidogo, akasema, "Wanaijua, lakini wanaikausha ndani ya sanduku la umeme. Mimi siwezi kuukabidhi unga wangu moto nisiouona."

Hapo alikuwa na haki yake. Kwao Tanga mama alijulikana kwa mkate wa kumimina. Watu wenye harusi walikuja kumwekea oda. Alikuwa anaweka makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, akikaa kwenye kigoda chake kama dereva, anaongeza juu, anapunguza chini, anasikiliza. Moto wa namna ile una uso. Huu wa Hjulsta ulikuwa kitufe chenye namba.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa majani kupukutika. Nilikuwa darasa la kwanza. Giza lilikuwa limeshaanza kuja mapema, miti ya mbele ya jengo ilikuwa ya manjano kama ubwabwa wa binzari, na nyumbani kulikuwa na kimya cha namna fulani ambacho mtoto anakisikia bila kuambiwa. Baba alikuja nchi hii kujifunza ufundi wa reli, na mafunzo yalikuwa yamekwisha. Karakana walimtaka abaki awe mfanyakazi wao. Hakuwa amewajibu. Na kila kaseti iliyotoka kwa bibi, ambaye ni mama yake mama, ilikuwa na swali lile lile mwishoni, baada ya salamu zote na majogoo kuwika nyuma yake: "Mnarudi lini?" Mama alikuwa anabonyeza kitufe kaseti isimame, halafu anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Jumapili moja tulikuwa tunarudi kwa miguu kutoka upande wa Spånga, penye nyumba za bustani, mimi na mama na Nalongo. Nalongo ndilo jina wanalopewa mama wa mapacha kwao Uganda. Alikuwa rafiki wa mama, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufungua milango, naye alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate huko Sundbyberg. Mbele ya geti moja tukakuta mfuko mkubwa umejaa matofaa, mekundu, mengine yana majani, na karatasi imebandikwa juu. Hapakuwa na mtu. Nikanyoosha mkono.

"Usiguse!" Mama akanivuta mpaka kofia ikanitoka. "Hujui imewekwa kwa nia gani."

"Kuna nini?" Nalongo akauliza.

"Kafara. Huoni? Chakula njiani, hakina mwenyewe, tena kina maandishi."

Mama alikuwa hatanii. Kwao, chakula kilichoachwa njiani peke yake kimebeba maradhi ya mtu, na anayekiokota anakwenda nayo nyumbani. Nalongo akainama akasoma ile karatasi.

"Imeandika karibuni, chukueni."

"Sasa ulitaka waandike nini? Njooni mrogwe?"

Nalongo alicheka mpaka akashika uzio wa watu, akamwita mama bibie kwa lugha ya kwao. "Banange! Nyabo, hawa watu miti imewashinda. Matunda inaoza, wanaomba tuwasaidie. Leta hiyo mfuko."

"Huo mfuko," mama akamsahihisha, kwa sababu Kiswahili cha Nalongo alikiokota njiani akikimbia vita, na mama hakuweza kukiacha kipite.

"Huo, hiyo, ni mzito tu. Shika upande ule."

Mama alishika. Lakini alisoma dua njia nzima, na tulipofika nyumbani aliyaosha yale matofaa kwa chumvi kabla hajaruhusu mtu ayamenye.

Nikakaa mezani nikimenya pamoja nao, na jikoni kukawa na harufu ya siki na majani mabichi. Nalongo akasema haya yakatwe vipande, yafungwe ndani ya unga, yaokwe. Akainuka, akavuta mlango wa oveni kabla mama hajamzuia. Karai likatoka la kwanza, likazunguka sakafuni likiimba. Kopo la aiskrimu likalifuata.

"Nyabo!" Nalongo akashika kiuno. "Masufuria yote hii! Oveni yako umeifunga jela?"

"Kila kitu hapo kina mahali pake," mama akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Na ile jambo nilikuambia? Utaifanya na hii?"

Mama akanitazama. "Mwanangu, kamwage maganda."

Nilishuka nikapanda zile ngazi na ndoo ya maganda polepole kadiri nilivyoweza. Niliporudi walikuwa wananong'ona. Mama alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja juu ya mlango wa oveni, na uso wake ulikuwa na ile sura ya mtu aliyekwisha kukata shauri na sasa anaogopa alichokikata.

Kesho yake jioni baba alikuja na maboksi kutoka karakana.

Sasa nieleze kwa nini maboksi yale yalinitoa roho. Juu yetu walikuwa wakikaa watu wa Kongo, familia ya Mama Bijou. Wao waliwahi kufunga masanduku ya nguo mara nyingi, wakaenda, wakarudi. Lakini siku moja niliona sufuria zao zimefungwa kwenye magazeti, zimewekwa ndani ya maboksi, maboksi yamepangwa mlangoni. Siku iliyofuata hapakuwa na Bijou, wala viatu vyake, wala sauti ya redio. Walihamia Ubelgiji. Nikajiwekea sheria kichwani mwangu: nguo husafiri kutembea, ila sufuria zikitoka, watu hawarudi.

Na nikamwona mama, kwa macho yangu, akitoa sufuria ovenini moja baada ya nyingine. Akazifunga kwenye magazeti zisikwaruzane. Baba akazipanga ndani ya maboksi, akayasogeza mlangoni, karibu na viatu. Karai liliwekwa juu kabisa, limegeuzwa. Usiku ule tulikula wali kwenye sufuria moja iliyobaki.

Kama nilikuwa na shaka, iliondoka siku waliyorekodi kaseti ya bibi. Baba alibonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja, na mama akasogeza mdomo karibu na kinasa sauti kama anayetaka kukinong'oneza. Akamsalimia bibi, akawataja wote. Kisha akasema, "Mama, kuna jambo. Sitalisema mpaka liwe. Mungu akijalia, kaseti ijayo utafurahi."

Bibi alikuwa anataka kitu kimoja tu duniani. Kwa hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza alijua ni furaha gani hiyo.

Niseme ukweli, sikutaka kwenda. Tanga niliijua kwa picha moja na sauti ya majogoo. Huku nilikuwa na kitanda changu karibu na dirisha, nilikuwa na Annika, nilikuwa na treni inayofika kwetu ikakosa pa kwenda, ikageuza. Lakini nyumbani kwetu mtoto hakuuliza mambo ya wakubwa, nami hata lile linaloruhusiwa nilikuwa siulizi. Nikafanya nilichoweza. Nikaanza kuaga.

Annika nilimpa glavu zangu. Zilikuwa mpya, za sufu ya bluu, na baridi ilikuwa ndiyo inaingia. Nikamwambia kwamba tunakokwenda hazitahitajika. Akalia, akanipa kifutio chake chenye harufu ya stroberi, kile ambacho hakuwahi kuruhusu mtu hata akinuse.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipata wapi moyo wake. Mwalimu wetu tulimwita Fröken, kama watoto wote huku wanavyomwita mwalimu, na tangu shule ifunguliwe nilikuwa nimemwambia ndiyo, hapana na asante. Nilikwenda mezani kwake wengine walipokuwa wanavaa makoti, nikamwambia kwa Kiswidi, sentensi nzima: tunahama, tunarudi Afrika, sufuria zimeshafungwa. Akaniuliza lini. Nikasema hivi karibuni. Hakushangaa. Watoto wengi wa mtaa wetu walikuja na kuondoka hivyo, wengine bila hata kuaga, na nadhani alifurahi kwamba safari hii ameambiwa. Akanikumbatia, na sweta lake lilinuka kahawa.

Ijumaa darasa likaniaga. Kila mtoto alikata jani la karatasi, la manjano au jekundu, akaandika jina lake, na yote yakabandikwa kwenye karatasi kubwa yenye mti mkavu, jina langu limeandikwa kwenye shina. Wakaniimbia. Nilisimama mbele, kifutio cha stroberi kimebanwa ndani ya ngumi, nikatamani sakafu inimeze, na papo hapo nikatamani wasinyamaze. Nikarudi nyumbani nimekumbatia ule mti uliokunjwa, mikono yangu ikiuma kwa baridi kwa sababu sikuwa na glavu.

Kwenye ngazi nikaisikia iliki. Nikajua ni kwao Annika, nikapita mlango wao haraka ili nisilie. Lakini nilivyopanda harufu ilizidi. Na ilikuwa na mwenzake, harufu ya plastiki inayoungua.

Mlango wetu ulikuwa wazi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Moshi ulikuwa umetanda jikoni, Nalongo anaupunga kwa sinia akikohoa na kucheka, na mama yuko chini kwa magoti, kitambaa cha kichwa kimeteremka shingoni, anakwangua sakafu ya oveni kwa kisu.

"Ulisema umetoa vyote!" Nalongo alikuwa akimpigia kelele.

"Nimetoa vyote! Hili ni shetani la kifuniko!"

Kumbe ni kifuniko cha kopo la aiskrimu. Kilikuwa kimeteleza chini siku nyingi na kulala pale, na walipowasha oveni kwa mara ya kwanza tangu tuhamie kikayeyuka kikawa uji. Hilo ndilo doa. Mezani kulikuwa na sinia ya kwanza: mikate midogo iliyosokotwa, myeusi chini, myeupe juu kama imeogopa.

Mama hakuniona. Alikuwa ameshakunja uso wa kazi. "Huyu ana moto mwingi chini," akasema, akiizungumzia oveni. "Sawa. Nimemjua." Akachukua sinia yetu kongwe, akaiweka chini kabisa kukinga moto, akapandisha mikate ya pili juu, akafunga mlango. Halafu akafanya kitu ambacho Nalongo alikitangaza mtaa mzima baadaye. Akaweka sikio lake karibu na mlango wa oveni, akafumba macho, akasikiliza. Kama kule Tanga, na makaa yake juu na chini.

Mikate ya pili ilipotoka, ilikuwa na rangi ya asali. Unga ulikuwa wa maandazi kabisa, wenye tui la nazi ya pakiti na iliki iliyotwangwa kwa mkono, umesokotwa Kiswidi, na ndani yake matofaa ya kafara yaliyokuwa yamebaki mfukoni. Hapo ndipo mama alipogeuka akaniona nimesimama na koti langu.

"Umeingia saa ngapi? Hiyo karatasi ya nini?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyofanya kila nilipoogopa.

"Sema Kiswahili. Moshi umeniziba masikio."

"Wameniaga."

"Wamekuaga uende wapi?"

"Tanga."

Mama akamtazama Nalongo. Nalongo akaitazama sinia. "Tanga unakwenda na nani?" mama akauliza taratibu.

"Na nyinyi."

"Nani kakwambia tunaondoka?"

Nikanyoosha kidole kwenye maboksi, pale mlangoni. "Sufuria zimetoka," nikasema. "Sufuria zikitoka watu hawarudi. Kama kina Bijou."

Nalongo alianza kucheka, kicheko kikakatika katikati. Akaketi. "Toto," akaniambia, "mimi nilikaa nchi hii na sanduku juu ya kabati, limefungwa. Pazia sikununua. Kila siku nasema kesho vita inaisha, nakwenda kuchukua mapacha wangu kwa bibi yao. Ile sanduku ndiyo ilinikalisha bure. Siku nilipolishusha, nikanunua pazia, ndipo nikapata akili ya kuwaleta wao huku." Akanyoosha mkono akaigonga oveni. "Mama yako ameshusha sanduku. Hii ndiyo sanduku yake."

Mama alikuwa amenisogelea, unga mpaka kwenye nyusi. Hakuniambia nyamaza. Aliuliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiuliza nyumba ile msimu mzima.

"Wewe ulitaka twende?"

Nilitikisa kichwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa bado anasubiri, nikasema, "Sitaki. Nataka hapa."

Akavuta pumzi ndefu. "Nimezitoa ili tukae, mwanangu. Kiwandani kwa Nalongo wanatafuta mtu. Nikiipata ile kazi, baba yako atawajibu wa karakana kwamba anabaki, na nauli ya kumleta bibi yako kututembelea itapatikana, ndiyo furaha niliyomwambia. Lakini mwokaji asiyejua oveni watamchukua wa nini? Sikukwambia kwa sababu sijaipata. Nikiikosa ningekuwa nimekudanganya."

Hapo ndipo nililia kwa sauti. Walidhani ni kwa furaha, wakanipigapiga mgongo, mpaka mama aliposikia ninachosema katikati ya kwikwi.

"Jumatatu nitakwendaje shule? Wameshaniaga! Wameniimbia!"

"Hilo ndilo linalokuliza?"

"Annika ana glavu zangu!"

Nalongo akashindwa kujizuia tena, na safari hii alicheka mpaka mwisho. Akafunga mikate michache kwenye kitambaa safi ampelekee mkubwa wake wa kazi akaionje, akaondoka akirudia kwenye ngazi, "Wameniimbia! Banange, wameniimbia!"

Jumamosi baba alipigilia rafu ukutani, na sufuria zikapanda juu, zikawa zinaonekana. Mama akaoka tena. Jumapili akaoka tena. Jumatatu asubuhi nilikuta sinia imejaa, imefunikwa kwa kawa, ile ya ukili, na mama amevaa kanga mbili juu ya koti la baridi.

"Tunakwenda wapi?"

"Shuleni kwako. Tukawarudishie kuaga kwao."

"Lakini Mama, kazi hujaipata."

"Nitaipata," akasema, akafunga viatu. "Twende."

Nilitembea nyuma yake nikiyakanyaga majani yaliyolowa, nikiomba shule iwe imefungwa. Haikufungwa. Mama aligonga, akaingia, akaweka sinia juu ya meza ya Fröken kama anayerudisha kitu alichoazima. Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi, maiti aliyefufuka. Mama alikuwa na Kiswidi kidogo sana wakati ule. Alikitoa chote. "Vi bor här," akasema. Tunakaa hapa. Kisha akanigeukia, akaendelea kwa Kiswahili na sauti ya jikoni kwake. "Waambie. Sufuria zilitoka kabatini. Watu hawakutoka."

Nikasema. Nilianza kwa sauti ya chini, mama akanigusa bega, nikaanza upya kwa sauti. Nikaeleza sufuria, maboksi, kina Bijou, kifuniko cha aiskrimu. Mvulana mmoja wa nyuma akauliza, "Kwa nini mliziweka ndani ya oveni?" Nikamjibu, "Kwa sababu tulikuwa hatujaamua." Sijui lilitoka wapi. Fröken aliacha kutabasamu akanitazama sana.

Akamuuliza mama, kupitia kwangu, kama kweli sasa tutakaa.

"Mwambie tutakaa mpaka atuchoke."

Nikamwambia. Akasema basi itakuwa muda mrefu. Mama akainua kawa, iliki ikajaa darasa, na baada ya hapo hakuna mtu aliyekumbuka aibu yangu isipokuwa mimi. Annika alikuja na glavu mkononi, akanivisha mwenyewe, moja, halafu nyingine. Kifutio sikumrudishia, naye hakukidai. Ninacho mpaka leo, hakinuki tena kitu.

Kazi mama aliipata. Bibi alikuja msimu uliofuata, akala bullar, akasema zimepungua chumvi.

Leo mafundi wametufungia jiko jipya, lina mlango wa kioo na taa ndani. Mama alichuchumaa mbele yake kama mtu anayesalimiana na aliyeandikiana naye miaka. "Sasa unaonekana," akauambia moto. Akaoka papo hapo, mafundi wakala wamesimama, halafu akanipa sahani niwapelekee wa juu. Kule walikokaa kina Bijou wamehamia watu wa Burundi, mwishoni mwa kiangazi tu.

Nikapanda. Mlango wao ulikuwa wazi, ndani mafundi wanagonga, na nje, kwenye ngazi, kulikuwa na maboksi. Waliambiwa watoe kila kitu ovenini. Sufuria zimefungwa kwenye magazeti, zimepangwa vizuri. Na kati ya maboksi alikaa mtoto wa kike, koti amelifunga zipu mpaka kidevuni, viatu miguuni, mkoba wa shule umepakatwa. Hakuniuliza kitu. Huko kutokuuliza nakujua.

Nikaketi ngazi moja chini yake. Mimi, ambaye hata karani wa maktaba nikimsalimu sauti inanikwama.

"Hamwendi popote," nikamwambia. "Wanabadilisha jiko tu. Zinarudi ndani leo leo."

Akayatazama maboksi. Akanitazama mimi. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Mimi niliwahi kuagwa."

Akafikiri kidogo. Kisha akafungua zipu ya koti, yote mpaka chini, akanyoosha mkono kwenye sahani.